Mifuko ya ETF yanenepa, dola ya dhahabu yapita kando ya Bujumbura

BUJUMBURA – Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba 2025, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Kwa Burundi, ambako dhahabu ni miongoni mwa bidhaa kubwa za kuuza nje pamoja na kahawa na chai, habari hiyo ilipaswa kuwa neema. Lakini mwaka huohuo waagizaji mjini Bujumbura walikuwa wakihangaika benki kutafuta dola za kulipia shehena zao, huku madereva wa malori wakipanga foleni vituoni kutafuta dizeli.

Sababu za bei hiyo kupanda ni nyingi: vita, wasiwasi juu ya sera za Marekani, na benki kuu za nchi mbalimbali zinazojaza dhahabu katika hazina zao. Sababu mojawapo, isiyozungumzwa sana katika masoko ya Afrika Mashariki, ni kukua kwa mifuko ya uwekezaji ambayo vipande vyake huuzwa na kununuliwa katika soko la hisa kama hisa za kampuni yoyote. Ulimwengu wa fedha unaiita kwa kifupi ETF.

Mifuko hiyo haina ofisi Bujumbura. Hata hivyo, uamuzi wa watu walionunua vipande vyake New York au London hufika hadi kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu wa Cibitoke, na kutoka hapo hadi kwenye mfuko wa mwenye lori anayesubiri malipo ya mzigo wa kutoka Dar es Salaam. Njia inayopitia ni ndefu, na mwishoni mwake kuna kizuizi ambacho hakikuwekwa na London wala New York.

Kutoka Toronto hadi trilioni 15

Mfuko wa kwanza wa aina hii ulianza kuuzwa katika soko la hisa la Toronto, Canada, mwezi Machi 1990. Marekani ilifuata Januari 1993 kwa mfuko uliofungamanishwa na hisa za kampuni 500 kubwa za nchi hiyo, na mfuko huo ungali miongoni mwa mikubwa kabisa duniani.

Wazo lenyewe ni jepesi. Badala ya mtu mmoja kuhangaika kuchagua kampuni moja moja, mfuko hununua hisa za kampuni zote zilizomo katika orodha fulani, kisha huuza vipande vyake sokoni. Anayenunua kipande kimoja anakuwa na sehemu ndogo ya kila kilichomo ndani. Watanzania wanaojua vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanzishwa mwaka 2005, wanaielewa nusu ya habari hii. Tofauti ni kwamba vipande vya UTT hununuliwa na kurudishwa kwa mwendeshaji wa mfuko, wakati vipande vya ETF hubadilishana mikono kati ya watu sokoni muda wote soko likiwa wazi.

Kilichoifanya mifuko hii ienee ni unafuu wake. Kwa kuwa hakuna meneja anayelipwa ili achague hisa, ile mikubwa ya Marekani hutoza hata dola 3 kwa mwaka kwa kila dola 10,000 zilizowekwa. Mali iliyomo katika mifuko yote ya ETF duniani ilifika dola trilioni moja mwaka 2009, ikapita trilioni 10 mwaka 2021, na mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu trilioni 15.

Dhahabu inayokaa ghalani

Mfanyabiashara wa Bujumbura hahusiki sana na mfuko wa hisa za Marekani. Unaomhusu ni ule wa dhahabu.

Mfuko wa kwanza wa namna hiyo ulianza Australia mwaka 2003. Novemba 2004 ukafuata wa New York, ambao ndio uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote. Katika siku zake tatu za mwanzo ulikusanya zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka huohuo Afrika Kusini nayo ikaanzisha wa kwake, NewGold, katika soko la Johannesburg.

Mifuko hii inashika dhahabu yenyewe. Watu wakitaka vipande vingi kuliko vilivyopo sokoni, wafanyabiashara wakubwa walioidhinishwa hununua dhahabu, huipeleka katika ghala la benki inayotunza mali ya mfuko, na kupewa vipande vipya vya kuuza. Katika mfuko ule wa New York, vipande hutolewa kwa mafungu ya 100,000, na sehemu kubwa ya dhahabu yake imelala London katika vipande vya chuma vyenye uzito wa takriban kilo 12.5 kila kimoja. Watu wakikimbia na kuuza, mwendo hugeuka: vipande vya karatasi hurudishwa, na dhahabu hutoka ghalani kwenda sokoni.

Kwa hiyo kila wimbi la wanunuzi wa vipande huondoa tani za dhahabu sokoni, na kila wimbi la wauzaji huzirudisha. Mifuko yote ya dhahabu duniani kwa pamoja ilikuwa na zaidi ya tani 3,000 mwishoni mwa 2024. Hiyo ni hazina ambayo ni nchi chache tu duniani zinaweza kuifikia.

Somo la 2013 na la 2020

Anayetaka kuona nguvu ya mifuko hiyo na atazame miaka miwili.

Mwaka 2013 wawekezaji wa Marekani waliamini kwamba uchumi wao umepona na kwamba hawahitaji tena kujificha nyuma ya dhahabu. Mifuko ikapoteza takriban tani 880 katika mwaka mmoja. Bei, iliyokuwa juu ya dola 1,600 mwezi Januari, ilifunga mwaka ikiwa karibu 1,200. Ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote kwa dhahabu katika muda wa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 2020 ulikuwa kinyume chake. Janga la korona lilifunga viwanda na viwanja vya ndege, riba zikashushwa, na watu wakarudi kwenye dhahabu kwa haraka. Mifuko iliongeza zaidi ya tani 870, na mwezi Agosti bei ikavuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba mifuko ndiyo kila kitu. Kati ya 2021 na 2024 ilikuwa ikitoa dhahabu zaidi ya iliyoingiza, lakini bei haikuanguka kama ilivyoanguka 2013. Sababu ni kwamba benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka katika 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2025 mifuko ilirudi kununua wakati benki kuu nazo zingali sokoni, ndipo bei ikapita 3,000 mwezi Machi na 4,000 mwezi Oktoba.

Wakia moja ni gramu 31.1. Kwa bei ya dola 1,200, gramu moja ya dhahabu safi ni dola 38 na senti kadhaa. Kwa bei ya dola 4,000, gramu hiyohiyo ni takriban dola 128. Mchimbaji mdogo wa Cibitoke, Muyinga au Cankuzo hapati yote hayo, kwa kuwa dhahabu yake si safi kabisa na kila mkono unaoipitisha hukata sehemu yake. Lakini simu za mkononi zimeifikisha bei ya London hadi machimboni, na mnunuzi anayetoa bei ya jana hawezi kupata mzigo leo.

Dola moja, bei mbili

Hapa ndipo habari ya mifuko ya mbali inapogeuka kuwa habari ya faranga.

Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ikapanda kwa siku moja kutoka faranga 2,080 hivi hadi zaidi ya 2,800. Julai mwaka huo Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 271. Lengo lilikuwa kuziba pengo kati ya bei rasmi ya dola na bei ya mitaani. Pengo halikuzibika. Mwaka 2025 bei rasmi ilikuwa inakaribia faranga 3,000, wakati mitaani dola ilikuwa ikiuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Chukulia mfanyabiashara mwenye gramu moja ya dhahabu safi siku ambayo wakia ni dola 4,000. Akiiuza kwa njia rasmi, kwa kiwango cha faranga 2,950, thamani yake ni takriban faranga 379,000. Akiipeleka mahali ambapo atalipwa dola taslimu, kisha akaziuza mitaani kwa 6,000, anapata zaidi ya faranga 770,000. Tofauti hiyo ni karibu faranga 390,000 kwa gramu moja. Kwa kilo ni mara elfu moja.

Hakuna doria ya mpakani inayoweza kushindana na hesabu hiyo kwa muda mrefu. Dhahabu ni bidhaa isiyohitaji lori wala kontena. Thamani ya malori kadhaa ya saruji huingia katika mfuko wa koti. Ndiyo maana bei ya dunia inapopanda, faida ya kukwepa njia rasmi nayo hupanda. Pengo likiwa asilimia ileile, dhahabu ya dola 128 kwa gramu humpa mkwepaji zaidi ya mara tatu ya kile alichopata wakati gramu ilikuwa dola 38.

Matokeo yake yanamfikia hata yule asiyewahi kuishika dhahabu. Sheria inawataka wauzaji nje kurejesha nyumbani fedha za kigeni, na hizo ndizo benki kuu inazotegemea kulipia mafuta, mbolea na dawa. Dhahabu ikipita kando, dola zake nazo hupita kando. Mwenye sukari au vipuri bandarini Dar es Salaam hukosa dola za benki na kulazimika kununua za mitaani, kontena huku likihesabiwa tozo ya kuchelewa. Msafirishaji wa Tanzania anayetaka kulipwa kwa dola kabla lori halijaondoka Kabanga kuingia Kobero huongeza bei ili kujikinga. Dizeli ikikosekana upande wa Burundi, safari ya siku mbili hugeuka wiki. Mwisho wa yote, ni mnunuzi wa dukani Gitega au Ngozi anayelipa.

Tanzania imejaribu njia nyingine. Mwezi Machi 2019 ilifungua soko la madini Geita, na mengine yakafuata, ili mchimbaji mdogo auze hadharani kwa bei inayojulikana. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya Benki Kuu ya Tanzania. Mipango hiyo ina malalamiko yake, lakini inategemea jambo moja ambalo Burundi imelikosa: shilingi anayopewa muuzaji haijaachana mno na ile ya mitaani.

Cheti na ghala la London

Kuna kizuizi cha pili. Dhahabu inayoingia katika maghala ya mifuko mikubwa lazima itoke kwa kiwanda cha kusafishia kilichomo katika orodha ya chama cha soko la London, LBMA. Barani Afrika kiwanda kimoja tu kimo katika orodha hiyo, nacho ni Rand Refinery cha Afrika Kusini. Tangu 2012 viwanda vilivyomo vinatakiwa kuonyesha kwamba dhahabu yao haikutoka mikononi mwa makundi yenye silaha.

Bujumbura ina historia nzito katika suala hili. Kwa miaka mingi wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Kongo waliutaja mji huu kuwa njia ya dhahabu kutoka Uvira na Fizi, Kivu Kusini. Makao makuu ya Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, ICGLR, yapo hapahapa Bujumbura, na wakuu wa nchi wanachama walikubaliana Lusaka, Desemba 2010, kuanzisha cheti cha kanda cha madini. Hali ya usalama imefanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi: mpaka wa Rwanda ulifungwa na Burundi Januari 2024, na Desemba 2025 vita vilifika Uvira, ng'ambo tu ya Gatumba.

Kwa sababu hiyo dhahabu ya Burundi huelekea zaidi Dubai. Umoja wa Falme za Kiarabu umekuwa kwa miaka kadhaa mnunuzi mkubwa wa bidhaa za Burundi, na dhahabu ndiyo sababu. Dhahabu isiyo na karatasi za kuaminika huuzwa kwa punguzo. Bei ya London huisikia, lakini haiipati yote.

Je, mtu wa Bujumbura anaweza kununua vipande?

Swali hilo ni halali. Mfanyabiashara aliyeweka akiba yake katika faranga mwaka 2020 ameiona ikiyeyuka, na wengi wameweka dola taslimu nyumbani, jambo lenye hatari zake.

Mfuko wa kwanza wa ETF Afrika Mashariki uliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Machi 2017, nao ni NewGold wa Afrika Kusini. Kipande chake kimoja hufuata bei ya karibu sehemu moja ya mia ya wakia, kwa hiyo hata mtu mwenye mtaji mdogo angeweza kuingia. Miaka ya mwanzo biashara yake ilikuwa nyembamba. Zilipita siku bila kipande hata kimoja kuuzwa. Wengi hawakujua ni kitu gani, na hati fungani za serikali ya Kenya zilikuwa zikilipa riba nzuri bila usumbufu. Anayenunua dhahabu halipwi riba. Faida yake yote inategemea bei kupanda.

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia mtaji kuvuka mipaka kwa uhuru. Kwa maandishi, mtu wa Bujumbura anaweza kufungua akaunti kwa dalali wa Nairobi. Kwa vitendo, anahitaji kwanza kupata fedha za kigeni na kibali cha kuzipeleka nje, na hapo anarudi kwenye foleni ileile ya mwagizaji wa sukari. Akinunua dola mitaani ili kununua kipande, atakuwa amelipa zaidi ya maradufu ya bei rasmi kabla dhahabu haijapanda hata senti.

Kuna mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo. Juni 2024 kampuni ya BlackRock ya Marekani, mwendeshaji mkubwa kuliko wote wa mifuko hii, ilitangaza kuufunga mfuko wake wa nchi zenye masoko madogo ya hisa, ulioanzishwa mwaka 2012. Mfuko huo ulishika hisa za nchi kama Vietnam, Nigeria na Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugumu wa kuuza na kutoa fedha katika baadhi ya masoko hayo. Fedha zilizoingia wakati dola zilikuwa tele zilishindwa kutoka dola zilipoadimika. Hata mwenye matrilioni hukwama mahali palepale anapokwama muuza vitenge.

Vilevile si kila ETF hushika mali yenyewe. Mifuko ya mafuta hushika mikataba ya kununua mafuta siku za mbele. Aprili 20, 2020, mkataba wa mafuta ya Marekani uliokuwa unaisha muda wake ulishuka hadi chini ya sifuri, na waliodhani wamenunua mafuta kwa bei rahisi walipata hasara kubwa. Mwenye malori anayetaka kujikinga na bei ya dizeli asiufikirie mfuko kama huo kuwa sawa na tangi la mafuta.

Ya kufuatilia

Mfanyabiashara au msafirishaji wa njia ya Bujumbura anaweza kupata mwanga kutoka katika mambo matatu, na yote yanajulikana bila gharama.

La kwanza ni tani zilizomo katika mifuko ya dhahabu. Mfuko ule mkubwa wa New York hutangaza hesabu yake kila siku ya kazi, na Baraza la Dhahabu Duniani hutoa jumla ya dunia kila mwezi. Tani zikishuka mfululizo huku benki kuu nazo zikipunguza ununuzi, mwenye mzigo wa dhahabu mkononi ana sababu ya kukumbuka 2013.

La pili ni pengo kati ya bei rasmi ya dola na ile ya mitaani. Pengo likipungua, dhahabu itakuwa na sababu ya kurudi kwenye njia rasmi, benki zitapata dola, na mikataba ya usafirishaji itaweza kuandikwa kwa bei inayodumu zaidi ya wiki. Likipanuka, bei nzuri ya dunia itazidi kuwanufaisha wachache.

La tatu ni mipaka na vyeti. Kila karatasi inayoifanya dhahabu ya Burundi ikubalike karibu zaidi na bei ya London huongeza dola bila kuongeza gramu.

Mifuko ya ETF itaendelea kuvuta fedha za dunia, na hakuna ofisi Bujumbura inayoweza kuamua itanunua lini au itauza lini. Kinachoamuliwa Bujumbura ni kama dola zitakazotokana na uamuzi huo zitapitia benki na kulipia dizeli ya Kobero, au zitaishia Dubai na kurudi gizani kwa bei ya mitaani.